Mfuko Ukishatupwa ni wa Nani?



Mfuko wa plastiki ukivushwa daraja la Rusizi kutoka Bukavu kuja Cyangugu, unageuka kosa. Muda mfupi nyuma ulikuwa kifungashio cha nyanya, muuzaji kakupa bila hata kuuomba. Sasa unachukuliwa mpakani, na ukikutwa na furushi zima la kuuza, una kesi ya kujibu. Mfuko ni uleule na nyanya ni zilezile. Katika mabishano yetu ya wanafunzi jambo hili hurudi mara kwa mara, na mara nyingi huishia kwenye kicheko: ubaya wa kitu unatoka wapi basi, kwenye kitu chenyewe au kwenye mhuri wa serikali?

Mimi naona swali hili linastahili zaidi ya kicheko. Miongoni mwetu wapo wanaosoma kemia, sayansi ya chakula na biashara. Siku si nyingi wao ndio watakaoamua unga, maziwa na samaki vifungwe kwa nini, na uamuzi huo utafika kwenye meza na mito ya watu ambao hawatawajua kamwe.

Sheria kwanza. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya polithini kwa sheria ya Septemba 2008: kuitengeneza, kuiingiza nchini, kuiuza na kuitumia. Sheria ya Agosti 2019 ikapanua katazo hadi vitu vingine vya plastiki vya kutumiwa mara moja na kutupwa. Majirani nao wamefuata kwa nyakati zao, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na Zanzibar ilishatangulia tangu 2006. Hata Kongo ina amri yake ya Desemba 2017 inayokataza mifuko na vifungashio vya plastiki. Kwa hiyo kwenye karatasi pande mbili za daraja zinakubaliana. Tofauti iko sokoni. Upande huu mfuko ule, tunaouita ishashi, umekuwa kitu cha kufichwa. Upande wa pili bado unapeperuka mikononi mwa kila mnunuzi.

Mfuko huo ni mtoto mmoja tu wa ukoo mkubwa. Jina la ukoo ni utando wa plastiki: karatasi nyembamba isiyo karatasi, inayofunga mkate, inayofunika nyama, inayobeba maziwa, inayofanya biskuti isilegee. Ukitaka kuuhukumu kwa haki, lazima kwanza ukubali kazi unayoifanya. Wapo wanaozungumza juu ya plastiki kana kwamba ni uchafu uliozaliwa uchafu, na hao hawajawahi kupoteza mzigo wa chakula.

Chukua sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, ambao kwa kweli ni wageni hapa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiwakausha juani vizuri hukaa. Lakini adui zao ni wawili. Wa kwanza ni unyevu: hewa ya mvua ikiwaingia, ukungu huota. Wa pili ni oksijeni: samaki huyu ana mafuta, na mafuta yakikutana na oksijeni huchacha, yakatoa ile harufu inayokufanya umrudishie muuzaji. Polithini ya kawaida huzuia unyevu vizuri sana lakini huipitisha oksijeni. Zipo plastiki nyingine zinazoizuia oksijeni, ila zikilowa hudhoofika. Ndiyo maana wahandisi huzipanga kwa tabaka, hii nje, ile katikati, nyingine ndani ya kugandishia kwa moto, na pakiti ya viazi vya kukaanga ikaongezewa ukungu wa aluminiamu mwembamba kuliko kitu chochote utakachopima kwa rula. Tabaka zote hizo pamoja mara nyingi hazifikii unene wa nywele mbili. Hakika ni kazi ya akili kubwa, na mwenye kuidharau hajaielewa.

Nao mfano mzuri kuliko wote hauna hata mapambo. Kuna mfuko wa kuhifadhia nafaka unaoitwa PICS, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakifanya kazi na wenzao wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Ni mifuko miwili ya polithini, mmoja ndani ya mwingine, na gunia la kusokotwa nje. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake. Wadudu waliomo huvuta oksijeni iliyobaki mpaka inakaribia kwisha. Watafiti waligundua kwamba mdudu yule hafi kwa kukosa pumzi kama tunavyodhani. Hufa kwa kiu, kwa sababu maji yake huyapata mwilini kwa kutumia oksijeni. Mkulima anahifadhi mahindi na maharagwe miezi mingi bila kunyunyiza dawa hata chembe. Mfuko huo humtumikia msimu mmoja, wa pili, hata wa tatu akiutunza. Nani atasema huyu ametenda ubaya kwa kutumia plastiki?

Shirika la FAO lilikadiria mwaka 2019 kwamba asilimia 14 hivi ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na duka. Sisi tunaofundishwa tangu utotoni kwamba kumwaga chakula ni israfu, hatuwezi kuipita takwimu hiyo kimya. Chakula kinachooza kimekula ardhi, maji, mbolea na jasho la mtu. Kwa hiyo mjadala huu una israfu mbili zinazotazamana: israfu ya kukitupa chakula kwa kukosa utando, na israfu ya kuutupa utando kwa ajili ya chakula. Anayeiona moja tu kati ya hizo hajaanza kufikiri.

Sasa niingie kwenye lile linalonisumbua, nalo ni suala la nia.

Polithini haikutafutwa na mtu mwenye hila. Wakemia wawili wa kampuni ya ICI huko Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, waliipata mwaka 1933 kwa bahati, walipokuwa wakijaribu kitu kingine kabisa chini ya mgandamizo mkubwa na kukuta mabaki meupe kama nta. Mfuko wenyewe wa sokoni, ule wenye mikono miwili, ulibuniwa na Msweden Sten Gustaf Thulin, na kampuni ya Celloplast ikaupatia hataza Marekani mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake aliona miti inakatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, akataka mfuko imara, mwepesi, wa kukunja na kutia mfukoni ili utumike tena na tena. Yeye mwenyewe alitembea na wake. Kwa maneno mengine, mfuko unaoziba mifereji yetu ulizaliwa kwa nia ya kulinda mazingira.

Wengi wetu tungesimama hapo. Tumezoea kusema kwamba amali ni kwa nia, basi mtu huyu ana ujira wake na lawama ni ya waliotupa. Lakini nia njema inatosha kuhukumu uhusiano wa mtu na Mola wake. Je, inatosha pia kumlipa jirani aliyedhurika? Hayo ni mambo mawili, na wanazuoni wa fiqhi waliyatenganisha karne nyingi kabla plastiki haijaota ndotoni mwa mtu.

Mfano wao maarufu ni wa kisima. Mtu akichimba kisima katika ardhi yake mwenyewe, mwingine akaingia bila ruhusa na kutumbukia, mchimbaji hadaiwi. Akichimba katikati ya njia ya watu, bila idhini ya mwenye mamlaka, mpita njia au mnyama akatumbukia, atadaiwa fidia. Hakumsukuma mtu. Pengine hakuwa hata pale. Pengine nia yake ilikuwa kuwapatia watu maji. Nia hiyo ataikuta mahali pake, lakini fidia atalipa, kwa sababu amefungua hatari kwenye njia isiyo yake na kuondoka.

Utando wa chakula ni kisima cha namna hiyo. Aliyeubuni ameuweka katika njia ya watu. Amehesabu mkate utakaa siku ngapi, unyevu utapita gramu ngapi, kilo itagharimu kiasi gani. Hesabu yake inaishia pale mteja anapofungua pakiti. Baada ya hapo hakuna mstari kwenye karatasi yake, ingawa ni hapo ndipo maisha marefu ya utando yanapoanza. Mkate ulihitaji siku nne. Polithini ya wakemia wale wa ICI haijatimiza hata miaka 100, kwa hiyo hakuna binadamu aliyewahi kuishi akaushuhudia mwisho wake.

Najua jibu la mwenye kiwanda, na ni jibu zito, maana nalo lina msingi katika fiqhi ileile. Akitokea mtu akamsukuma mwingine ndani ya kisima, wa kudaiwa ni aliyesukuma, si aliyechimba. Wakikutana mtendaji na msababishaji, hukumu humwangukia mtendaji. Basi mwenye kiwanda atasema: mimi nimechimba, lakini mlaji ndiye aliyesukuma. Mimi sikuutupa mfuko mtoni. Mfundisheni yeye adabu.

Ili kumjibu, panda milima ya Bukavu kwa mawazo tu. Mji ule uliojengwa kwa watu wachache umebeba watu wengi mno. Nyumba zimepandana juu ya miteremko, na vichochoro vingi havifikiwi na gari lolote la taka. Mama amenunua mafuta ya kupikia ya kipimo kidogo, yamefungwa kwenye kipande cha utando kilichofungwa fundo. Amemimina mafuta sufuriani. Mkononi amebaki na utando wenye mafuta, usiofuliwa, usiouzika, usiooza. Afanye nini? Akiuchoma, moshi ni wa watoto wake. Akiufukia, mvua ya kwanza itaufukua, maana udongo wa mteremko haushiki kitu. Akiuacha, mvua hiyohiyo itaushusha bondeni, kutoka bondeni hadi ziwani. Mtu ambaye kila njia aliyoachiwa inaishia ziwani, unamwitaje msukumaji? Huyo naye ametumbukia. Fiqhi haikumsahau: yule anayemtupa mtu mbele ya simba hawezi kusema simba ndiye aliyeua. Mtendaji asipokuwa na hiari ya kweli, dhima inarudi kwa aliyesababisha.

Na mambo yanayofuata ziwani tunayajua sisi wa Cyangugu, maana yanatokea mbele ya macho yetu. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Rusizi. Kila kinachoelea upande wa kusini wa ziwa kina njia moja ya kwenda. Kilomita chache chini ya daraja liko bwawa la Mururu, Rusizi ya kwanza, lililoanza kuzalisha umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa, mifuko na vipande vya utando husukumwa hapo na maji, vikatanda juu kama nchi kavu, na vingine huzama na kuingia kwenye mitambo. Habari zake zimetangazwa dunia nzima: wafanyakazi wakizoa taka kwa mashua, wapiga mbizi wakishuka kwenye giza la maji kuchomoa plastiki kwenye mitambo, na taa zikizimika mijini wakati mashine zimesimama. Chini zaidi iko Rusizi ya pili, ya mwaka 1989, inayomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi. Kitakachopita hapo kitaendelea mpaka ziwa Tanganyika, kilomita zaidi ya 100 kutoka hapa.

Tazama basi ilivyo. Kipande cha utando kilichofunga mafuta ya kikombe kimoja kinamzimia taa mtu ambaye hakununua mafuta, katika nchi ambayo imeupiga marufuku mfuko huo.

Hapa ndipo swali la daraja linapopata jibu, na jibu lenyewe lilinishangaza. Nilianza nikidhani kitu kimoja hakiwezi kuwa na hukumu mbili kwa sababu ya mto kupita katikati. Kisima kinafundisha kwamba kinaweza. Hukumu ya shimo inategemea limechimbwa njia gani, kuna uzio, kuna taa, kuna mtu wa kulinda. Mahali penye ukusanyaji wa taka, penye mtu anayeupokea utando na pa kuupeleka, anayeutupa mtaroni ni msukumaji kwelikweli, na lawama ni yake. Mahali pasipo na hayo, lawama hupanda juu mpaka kwa muuzaji, mwagizaji na mtengenezaji. Mambo yetu, kwa bahati mbaya, yamepinduka. Upande wenye usafi wa kila mwezi wa umuganda na mpangilio wa taka ndio ulioukataa mfuko. Upande usio na njia ya kuupokea ndio uliojazwa mifuko. Utando umepelekwa kule ambako hakuna uzio hata mmoja.

Wengine watasema dawa imeshapatikana, plastiki inayooza. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu neno hilo moja linauza vitu vitatu tofauti.

Kipo kwanza kile kilichochanganywa chumvi za madini ili jua na hewa zikivunje. Kinavunjika, ndiyo, kikawa vumbi la plastiki, nalo ni gumu zaidi kuliokota. Umoja wa Ulaya ulikikataza kwa agizo lake la mwaka 2019. Kisha kipo kile kinachotengenezwa kwa asidi ya laktiki, itokanayo na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Hiki huoza kweli, lakini kwenye mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 58 au zaidi kwa wiki kadhaa. Maji ya juu ya Kivu yana nyuzi ishirini na kitu. Kitupe ziwani, kitakaa. Cha tatu ni kile kinachoozea hata bustanini, kama utando wa wanga wa muhogo uliolainishwa kwa gliserini. Hicho kina tabia ya kuipenda maji: fungia sambaza wakati wa masika, ujionee. Tena kina swali lake la pembeni, la kutumia shamba la muhogo, chakula cha maskini, kutengenezea cha kufungia biskuti.

Sisemi utafiti huo usifanywe. Nautamani ufanywe hapahapa, na watu wanaoujua muhogo. Ninachokataa ni kuandika neno “huoza” kwenye pakiti bila kusema wapi, kwa joto gani na kwa siku ngapi. Sokoni tuna jina la jambo hilo tangu zamani, ghushi. Muuzaji anayeficha nafaka iliyolowa chini ya kavu anamdhuru mnunuzi mmoja. Anayeuza utumbuizo wa dhamiri kwa jina la “huoza” anawafanya maelfu watupe bila kujiuliza.

Kwa nini basi mfuko wa PICS hautusumbui, ingawa ni polithini tupu, tena nene mara kadhaa kuliko ishashi? Kwa sababu una mwenyewe. Mkulima ameununua kwa pesa anayoisikia mfukoni, anajua uko pembe gani ya nyumba, panya akiutoboa anahuzunika. Kanga za pipi hazina mwenyewe hata kwa nusu saa. Kinachotenganisha vitu hivi viwili si kemia, maana vinaweza kutoka kwenye pipa moja la chembechembe. Ni kwamba kimoja kimetengenezwa kikiwa na mlinzi katika kila hatua, na kingine kimetengenezwa ili kiwe yatima. Hapo neno amana linanifaa kuliko neno mazingira. Ukiweka kitu mikononi mwa mtu, umempa amana. Ukikiweka mikononi mwa mtu asiye na pa kukipeleka, umemtupia.

Wazee wetu walifunga kwa jani la mgomba, ukilipitisha motoni likalainika na kukunjika bila kupasuka. Chikwanga ya Kongo bado inafika sokoni ndani ya majani. Naandika hivi nikijua hatari ya kuwasifu wazee kupita kiasi. Jani halitakuwekea maziwa wiki mbili wala halitamfikisha sambaza Kigali akiwa hajachacha. Lakini jani lina sifa moja ambayo maabara nyingi haziihesabu: mwisho wake ulikuwa tayari kabla halijakatwa.

Sheria ya Rwanda, kwa sifa yake, imegusa jambo hili. Haikufunga mlango kabisa: mwenye hitaji la kweli la plastiki huomba kibali, na anatakiwa aeleze plastiki hiyo itakusanywa na kupelekwa wapi ikishatumika. Huo ndio uzio wa kisima. Mwenye mamlaka anaruhusu shimo njiani baada ya kuuliza nani atalilinda. Ningependa swali hilo lisingoje ofisi ya serikali. Liulizwe kwenye maabara ya mwaka wa tatu, mwanafunzi anapoleta utando wake mpya na jedwali la vipimo: huu ukifika mikononi mwa mama wa mteremkoni, anaupeleka wapi? Kama ni tabaka tano za plastiki zisizotenganishika, na hakuna kiwanda cha kuzitenganisha kutoka hapa mpaka baharini, basi jedwali halijakamilika, hata oksijeni iwe imezuiwa namna gani. Pengine tabaka mbili za plastiki ya aina moja zingetosha, na sambaza akae mwezi badala ya miezi sita. Soko la Bukavu liko ng'ambo ya daraja. Nani alimwambia anahitaji miezi sita?

Kuna kanuni kwamba mtu akibanwa na madhara mawili achague lililo jepesi. Tunaitumia sana, na mara nyingi tunaitumia vibaya, kwa sababu hatuulizi jepesi kwa nani. Kwa mwenye kiwanda, tabaka tano ni jepesi. Kwa duka kubwa la mjini, jepesi. Uzito wote umesafirishwa mpaka kwa mpiga mbizi wa Mururu, ambaye hakuwapo kwenye kikao. Na kanuni nyingine inakataza kuondoa madhara kwa madhara mfano wake, jambo ambalo ndilo tunalolifanya tunapookoa chakula cha mmoja kwa kuchafua maji ya mwingine.

Limebaki suala la mama wa magendo, na sitaki kulikwepa kwa kuwa ni la karibu. Wapo wanawake wanaovuka mpaka na mifuko imefungwa kiunoni chini ya vitenge. Faida yao ni ndogo na hofu yao ni kubwa. Wakikamatwa, bidhaa inachukuliwa na faini inawasubiri. Je, wanakosa? Wanakosa, wanaijua sheria, na sheria yenyewe ni ya maslahi ya wote, si ya dhuluma. Sioni njia ya kuwatetea hapo bila kudanganya. Lakini katika mnyororo mzima wa mfuko ule, kutoka chembechembe za plastiki, kiwanda, meli, lori, ghala, mpaka kiuno cha mama, yeye peke yake ndiye aliye rahisi kukamatwa, na ndiye aliyefaidi kidogo kuliko wote. Mingi ya mifuko hiyo haina hata jina la aliyeitengeneza. Rwanda ng'ombe ana namba sikioni. Akila mahindi ya mtu, mwenyewe anajulikana na wanakaa chini kuelewana. Ningeanzia hapo, kabla ya kemia yoyote mpya: kila utando unaofunga chakula uandikwe jina la kiwanda na mji wake, kwa wino usiofutika majini, ili wale wanaouchomoa kwenye mitambo ya Mururu waweze kulisoma.